TRELA YA PIKIPIKI: KILA NATI ITAULIZWA BARABARANI

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani unayesoma ukurasa huu pamoja naye,

Likizo imefika. Unarudi Uvira na pikipiki mbili: moja yako imekufa injini, nyingine ni ya shemeji. Umenunua trela ndogo ya kukunja, ile ambayo wenye Kifaransa huiita remorque, uivute nyuma ya gari. Umechagua vema, maana viwanja vya Kimanga na Kakombe ni vidogo. Mlima uko mgongoni, ziwa liko mbele, na trela isiyokunjwa ingejaza ua wote.

Lakini trela hiyo haikuja nzima. Imekuja vipande vipande katika maboksi, pamoja na mfuko wa bolti na nati. Wewe ndiwe utakayeifunga. Hapo ndipo somo letu la leo linapoanza. Kazini, mashine hukaguliwa na fundi wa kampani kabla hujaigusa. Trela hii haina mkaguzi mwingine ila wewe. Na nyuma yako, kwenye ukingo wa barabara, kutakuwa na mama mwenye beseni la ndagala kichwani na watoto wanaotoka shule.

KWANZA, PIGA HESABU YA MZIGO

Soma kibao cha chuma kilichobandikwa kwenye fremu. Kinaonyesha uzito ambao trela inaruhusiwa kubeba. Kisha andika hesabu kwenye karatasi. Tuchukue mfano:

Trela yenyewe: kilo 110
Sakafu ya mbao: kilo 30
Reli na daraja la kupandishia: kilo 20
Pikipiki mbili, kila moja kilo 120: kilo 240
Jumla: kilo 400

Kumbuka kwamba aliyeandika kibao hicho alifikiria barabara ya lami iliyonyooka. Hakufikiria mashimo ya njia ya Makobola wala mawe ya Ngomo. Kwa hiyo usijaze hadi mwisho. Acha akiba kubwa, na usiongeze gunia la muhogo juu ya pikipiki kwa sababu nafasi imebaki.

PILI, UFUNGE KWA UTARATIBU

Fanya kazi mahali pa tambarare, mchana, bila haraka. Panga vipande vyote chini na uvihesabu. Kipande kimoja kikikosekana, usikibadilishe kwa waya wala kwa bolti iliyookotwa. Bolti laini hupinda kama msumari wa zamani. Tafuta bolti ngumu iliyogongwa namba 8.8 kichwani, au iliyo ngumu zaidi.

1. Ingiza bolti zote na kuzikaza kwa vidole tu. Ukikaza moja kabisa kabla ya nyingine, fremu itakaa upande.

2. Pima fremu kutoka pembe hadi pembe, kwa njia ya msalaba. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, isogeze kwanza. Trela iliyokaa upande hula matairi na kuvuta gari pembeni.

3. Sasa kaza kwa spana, kila bolti na nati yake. Tumia nati zenye pete ya plastiki ndani, zisizolegea kwa mtikisiko. Ukiifungua nati hiyo, weka mpya.

4. Piga mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Siku mstari ukikatika, utajua nati imezunguka. Hata mtoto wako wa shule anaweza kukusaidia kukagua kwa macho.

5. Fungua vitovu vya magurudumu. Mara nyingi grisi ya kiwandani ni kidogo, ya kuzuia kutu tu. Safisha beringi na uzijaze grisi mpya. Gurudumu lizunguke kwa urahisi, lakini ukilitikisa lisicheze.

6. Nati za magurudumu zikazwe kwa kuvuka, moja huku na ya pili upande wa pili, si kwa kuzunguka kama saa.

Kazi haijaisha hapo. Chuma kipya hujipanga kinapotikiswa. Ukitoka Uvira kwenda Bukavu, simama Kiliba, kagua nati zote, hasa za magurudumu. Simama tena Luvungi. Karibisha kiganja karibu na kila kitovu bila kukigusa kwanza. Kikiwa cha moto kuliko kingine, beringi inalia. Usiendelee.

TATU, UIBADILI IFAE PIKIPIKI

Trela ya kukunja ilitengenezwa kubeba mzigo uliotandazwa. Pikipiki haitandazwi. Uzito wake wote unakaa juu ya mistari miwili myembamba ya matairi. Tena katikati ya trela kuna bawaba, pale inapokunjwa. Hapo ndipo penye udhaifu.

Sakafu. Weka ubao wa tabaka, yaani tripleksi, wa milimeta 18. Uukate vipande viwili vinavyokutana kwenye bawaba, ili trela iendelee kukunjika. Paka rangi kingo zote, maana mvua za Uvira hazisamehe ubao mkavu.

Reli. Kwa kila pikipiki, laza chuma chenye umbo la U, tairi likae ndani yake. Reli hiyo ivuke bawaba na ishikwe kwa bolti kwenye vyuma vya kukingama vya fremu. Hivyo uzito unagawanyika. Ukitaka kukunja trela, unaiondoa reli kwanza.

Kizuizi cha gurudumu la mbele. Chuma cha pembe kilichofungwa kwenye fremu, ili tairi lisisonge mbele unaposhika breki.

Pete za kufungia. Zisishikwe na ubao. Bolti ipite kwenye ubao na kwenye chuma cha fremu, na chini yake kuwe na bamba. Usitoboe kingo za juu wala za chini za chuma cha fremu, maana ndizo zinazobeba. Toboa ubavuni, katikati.

Pini za bawaba. Kila pini iwe na kibanio kisichoruka kwa mtikisiko. Kabla ya kuondoka, shika kila pini kwa mkono. Usiseme, «Nadhani niliiweka.»

Hapa kuna hatari ya afya ambayo wengi hawaijui. Fremu nyingi za trela zimepakwa zinki ili zisishike kutu. Ukilehemu juu ya zinki, moshi mweupe unatoka. Anayeuvuta hushikwa jioni na baridi, homa, maumivu ya viungo na kiu, akadhani ni malaria. Kwa hiyo, panapowezekana tumia bolti badala ya kulehemu. Ikilazimika, fundi aondoe zinki yote kwa kusaga huku amevaa kinga ya pumzi, afanye kazi nje, na upepo umpige mgongoni au ubavuni, usimletee moshi usoni. Watoto wawe mbali, wasitazame mwanga.

NNE, KUPANDISHA PIKIPIKI

Funga trela kwenye gari kwanza. Trela isiyofungwa itanyanyuka kama bembea ukipandisha uzito nyuma. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

Sasa tazama daraja la kupandishia. Sakafu ya trela iko sentimeta 50 kutoka chini. Ukitumia ubao wa mita 1, pikipiki ya kilo 120 itakudai nguvu ya kilo 60 kuisukuma. Ukitumia wa mita 2, itakudai kilo 30 tu, ukiacha msuguano. Urefu wa ubao unaokoa mgongo. Ubao huo ufungwe kwa mnyororo kwenye trela, usiteleze nyuma wakati pikipiki iko nusu ya njia. Msukume watu wawili au watatu, mmoja akishika breki. Injini izimwe.

Mikono ya pikipiki ni mipana. Ili zote mbili zienee, moja itangulie sentimeta 20 au 30.

Kufunga kunataka mikanda minne kwa kila pikipiki: miwili mbele, miwili nyuma, yote ikivuta chini na nje. Kaza ya mbele mpaka springi zishuke kama nusu. Egemeo la pembeni likunjwe. Gia iwe ya kwanza.

Wengi wetu tumezoea kufunga mizigo kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu. Kwa godoro, sawa. Kwa pikipiki, hapana. Gari likishika breki kwa nguvu, pikipiki ya kilo 120 husukuma mbele kwa kilo 96 hivi, na kwenye kona husukuma pembeni kwa kilo 60. Mpira utanyooka, pikipiki italala, na inayolala huvuta mwenzake.

TANO, UZITO WA PUANI

Hili ndilo jambo linalosahauliwa kuliko yote. Sehemu ya uzito lazima ilale juu ya kiungo cha gari, si juu ya magurudumu tu. Kipimo chake ni sehemu 10 hadi 15 katika kila 100. Kwa kilo 400, ni kilo 40 hadi 60. Azima mizani na uiweke chini ya pua ya trela, sakafu ikiwa sawa.

Pua ikiwa nyepesi, trela itaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Sogeza pikipiki mbele. Kama kutoka ekseli hadi puani ni mita 2, kusogeza pikipiki ya kilo 120 kwa sentimeta 20 kunaongeza kilo 12 puani. Pua ikiwa nzito mno, nyuma ya gari itashuka na usukani utakuwa mwepesi. Rudisha nyuma kidogo. Weka alama ya rangi mahali panapofaa, safari ijayo usipime tena.

Minyororo miwili ya akiba ivuke chini ya pua kwa umbo la X. Kiungo kikichomoka, pua italala juu ya minyororo badala ya kuchimba barabara. Taa za nyuma ziwake, pamoja na za breki na za kugeukia. Uliza pia mapema habari za namba na bima.

SITA, BARABARANI

Trela ndogo haina breki yake. Kwenye mteremko unaoshuka mita 10 katika kila mita 100, kilo 400 zinakusukuma kwa nguvu ya kilo 40 bila kuchoka. Unaposhuka Ngomo kuelekea Kamanyola, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza, usingoje breki zinuke. Kwenye kona, kumbuka trela hukata ndani: pita kwa upana, polepole. Ukiongeza mwendo kutoka kilometa 30 hadi 60, breki zitahitaji umbali mara nne ili kukusimamisha.

Trela ikiyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala kuzungusha usukani. Achia mafuta, shika usukani sawa, iache itulie.

Mtu yeyote asipande trela, hata wa kushika pikipiki, hata kwa safari ya kutoka Mulongwe hadi Kalundu. Kama pikipiki inahitaji mtu wa kuishika, haikufungwa.

Na mafuta: funga bomba la tangi, hakikisha kifuniko, usiweke bidoni ya petroli kwenye trela. Sisi wa bonde la Rusizi tunajua sababu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange. Watu walikuja na vyombo kuchota, wengine walikuwa ukumbini wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Mafuta yakimwagika, kidogo au mengi, kazi ya kwanza ni kuwasogeza watu mbali, bila sigara na bila simu mkononi.

SABA, NYUMBANI

Trela hukunjwa na watu wawili, wakizungumza: «Tayari?» «Tayari.» Bawaba haina huruma kwa vidole. Ikisimamishwa ukutani, ifungwe kwa mnyororo. Mama, hapo tunakuomba ulinzi wako, kwa kuwa mtoto ataiona kama bembea.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini trela ifungwe kwenye gari kabla ya kupandisha pikipiki?
2. Trela na mzigo wake ni kilo 300. Uzito wa puani uwe kiasi gani?
3. Mstari wa rangi kwenye nati unakuambia nini?
4. Kwa nini fundi asilehemu zinki akiwa ndani ya nyumba?

Mjibu pamoja jioni, baba, mama na watoto. Asiyeweza kujibu asiivute trela kesho. Asome tena, maana pikipiki inaweza kungoja siku moja ua wa nyumba ukiwa na watu wote.