Uhamisho na Ukimbizi: Kutoka Babeli hadi Kisii na Nyamira

Makala haya yanachunguza namna maneno mawili, uhamisho na ukimbizi, yanavyobeba dhana ya kung'olewa kwao. Mnamo 597 na 586 K.K., Nebukadneza aliwapeleka watu wa Yuda Babeli. Biblia ya Kiswahili huliita tukio hilo uhamisho. Kimofolojia, neno hili limetokana na hamisha, kauli ya kutendesha ya hama. Hivyo linadokeza kwamba yupo aliyehamisha. Udhaifu wake ni kuwa leo hutumika pia kwa mwalimu aliyebadilishiwa shule, na ukali wa Babeli hufifia. Ukimbizi, kwa upande wake, hutokana na kimbia: mtendaji ni aliyekimbia, na aliyemfukuza hatajwi.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 600,000 nchini Kenya walipoteza makazi. Abagusii wengi waliofukuzwa Bonde la Ufa walipokewa na jamaa zao Kisii na Nyamira. Waliitwa wakimbizi wa ndani. Na kwa kuwa hawakuishi kambini, ilikuwa rahisi kudhani kwamba wamerudi kwao. Kwa Wayahudi, kwao kulikuwa nchi ya mababu. Kwa wengi wa hawa, kwao kulikuwa shamba walilolinunua na kulilima ugenini.

Kwa hiyo, mfasiri anapoteua neno huamua pia nani atajwe na nani afichwe. Pale watu walipofukuzwa, "waliohamishwa kwa nguvu" ni istilahi ya haki zaidi kuliko "wakimbizi".