Nyumba ya bei nafuu Montgomery, Maryland

SWALI: Mimi na mume wangu tumehamia kaunti ya Montgomery, nje kidogo ya Washington. Kipato chetu ni kidogo na kodi ya nyumba inatulemea. Tuanzie wapi?

JIBU: Poleni. Tangu mwaka 1974, sheria ya kaunti hiyo huwataka wajenzi wa miradi mikubwa watenge sehemu ya nyumba kwa wenye kipato cha wastani. Ulizeni ofisi ya kila jengo moja kwa moja. Pia jiandikisheni kwa mamlaka ya nyumba ya kaunti mpate vocha: mpangaji huchangia takriban asilimia 30 ya kipato chake, serikali ikajazia. Foleni ni ndefu, hivyo msichelewe. Andaeni hati za mishahara na vitambulisho. Mtu akidai amana kabla hamjaiona nyumba, msimlipe.