Presha inapanda kwa nesi, nyumbani inatulia

SWALI: Daktari, nina miaka 47, ninauza mchele sokoni. Kila nikipimwa presha kituo cha afya inasoma 158/96. Nyumbani mwanangu akinipima haizidi 126/80. Nesi anasema ni woga tu. Niamini mashine ipi?
Mama wa Morogoro

JIBU: Mama, huenda mashine zote mbili zinasema kweli. Neno nisilolikubali ni hilo “tu”.

Kwenye mishipa mikubwa ya shingo, na kwenye mshipa mkuu utokao moyoni, kuna vihisio vinavyopima jinsi damu inavyosukuma kuta. Presha ikipanda, vinalipa habari shina la ubongo, nalo linapunguza kasi ya moyo. Hiyo ni siku ya kawaida. Mbwa akikurukia njiani, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari huliamuru shina hilo likubali presha ya juu zaidi. Mishipa ya ngozi na ya tumbo inajibana, adrenalini inamwagika kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, damu inapelekwa miguuni ukimbie. Mapigo na presha vinapanda pamoja, na vile vihisio havivirudishi chini.

Wewe hukimbii. Umekaa kwenye benchi tangu saa mbili, jina linaitwa, mkanda unavimba na kukubana mkono, macho yako yako kwenye namba. Kwa ubongo, hofu ni hofu. Mwaka 1983 huko Milan, Italia, Giuseppe Mancia na wenzake waliwapima wagonjwa kwa mrija uliowekwa ndani ya mshipa. Daktari alipoingia, namba ya juu ilipanda kwa wastani wa zaidi ya 20, kisha ikaanza kushuka kabla hajaondoka.

Lakini usiipuuze presha hiyo ya kituoni, maana wenye hali hii hupata presha ya kudumu kwa urahisi kuliko wengine. Jipime siku saba, asubuhi na jioni, mara mbili mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika tano umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo, kimya. Chai na kahawa ziwe zimepita nusu saa. Andika kila namba, hata ile usiyoipenda. Wastani ukifika 135/85, hiyo ni presha kweli. Daftari na mashine vipeleke kituoni, walinganishe na yao. Kama tayari unameza dawa, usiziache kwa sababu ya jibu hili. Na ukiona 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, ganzi ya upande mmoja au kushindwa kupumua, usingoje kupima tena, nenda hospitali saa hiyo hiyo.