Maneno Matano ya Shina Moja

Atakaye kuongeza hazina yake ya maneno ya Kiingereza asiyakariri mojamoja, kama aokotaye dagaa mmoja mmoja ufukweni. Heri ashike shina, na matawi yatafuata.

Desemba 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, yaani Kisumu. Mwisho wa njia kama huo huitwa "terminus". Asili ya neno hili ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mpaka.

Yatazame sasa matawi yake. "Terminate" ni kukomesha. "Interminable" ni jambo refu lichoshalo, kana kwamba halina mwisho. "Exterminate" ni kuangamiza kabisa. Hapo zamani lilikuwa na maana ya kufukuza nje ya mpaka.

La tano, "term", lataka uangalifu. Shuleni ni muhula. Lakini katika mkataba, "terms" ni masharti, yaani mipaka ambayo mtu amekubali kutoivuka. Mvuvi wa Dunga akopaye fedha za kununulia mashine ya mashua, akidhani kwamba "terms" ni muda wa kulipa tu, aweza kutia sahihi asijue kuwa akichelewa mashua yenyewe itachukuliwa. Basi yafaa aulize kwanza, ndipo ashike kalamu.

Zoezi: Tafuta katika kamusi maana ya "determine", kisha ueleze mpaka umejificha wapi ndani yake.