Kompyuta ya duka ikizimika ghafla: soma ushahidi kwanza, ndipo umlipe fundi

WAFANYABIASHARA wengi wa Bukoba na Muleba siku hizi wameacha daftari la madeni na kuhamia kwenye kompyuta. Hatua hiyo ni nzuri, lakini imeleta hasara ya aina mpya: mashine inazimika katikati ya kazi, skrini inageuka bluu yenye maandishi ya Kiingereza, kisha inajiwasha yenyewe kana kwamba hakuna lililotokea. Somo letu la wiki hii linahusu jinsi ya kutafuta chanzo cha tatizo hilo kwa kutumia programu za uchambuzi, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Tuanze na tukio ambalo mwandishi wa makala haya alilishuhudia. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi mjini Muleba huwakopesha wakulima bati, misumari na saruji, nao humlipa baada ya kuuza kahawa. Madeni yote yako kwenye kompyuta moja ya mezani, iliyonunuliwa Mwanza ikiwa imetumika. Msimu wa malipo ulipofika, mashine ilianza kuzimika mara mbili au tatu kwa siku. Fundi wa kwanza alipiga Windows upya kwa Sh. 30,000. Baada ya siku nne tatizo likarudi. Fundi wa pili akatamka kuwa mazabodi imekufa na kudai Sh. 280,000. Wakati huo mkulima mmoja kutoka Kamachumu alikuwa amelipa Sh. 420,000 taslimu, mashine ikazimika kabla malipo hayajahifadhiwa, na wiki mbili baadaye akadaiwa tena mbele ya watu. Bahati nzuri mzee huyo alikuwa na risiti yake mfukoni.

Mafundi wote wawili hawakuuliza swali moja la msingi: mashine yenyewe imeandika nini?

Ni vyema ikaeleweka kwamba skrini ile ya bluu si ugonjwa. Ni kinga. Windows inapogundua kosa ambalo likiachwa linaweza kuharibu data, inasimamisha kila kitu kwa makusudi. Kabla ya kujiwasha upya inanakili sehemu ya kumbukumbu yake kwenye faili, mithili ya mlinzi anayeandika kwenye kitabu cha zamu kabla ya kukimbilia polisi. Mafaili madogo ya aina hiyo hukaa kwenye folda ya C:\Windows\Minidump, na jina la kila moja hubeba tarehe ya tukio. Faili kubwa zaidi huitwa MEMORY.DMP na hukaa ndani ya C:\Windows. Kwa wenye Windows 11, Microsoft ilitangaza mwaka 2025 kuwa rangi ya bluu inabadilishwa kuwa nyeusi, hivyo usishangae ukiona skrini nyeusi yenye ujumbe mfupi. Kazi yake ni ile ile.

Hapa ndipo ubaya wa kupiga Windows upya unapoonekana. Fundi anayefuta diski na kuanza upya amechoma kitabu cha zamu. Programu za kusafisha diski nazo hufuta mafaili haya zikiyahesabu kuwa takataka. Kwa hiyo agizo la kwanza kwa fundi yeyote liwe kwamba folda hiyo inakiliwa kwenye flashi kabla hajagusa kitu kingine, pamoja na data ya biashara bila shaka.

Ikiwa folda ni tupu, huenda mashine haijaruhusiwa kuandika. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika sysdm.cpl, kisha fungua sehemu ya mipangilio ya juu inayohusu kuwaka na kufufuka kwa mfumo. Ondoa alama ya vema kwenye kujiwasha kiotomatiki ili upate muda wa kusoma ujumbe, na uchague faili dogo la kumbukumbu. Kuna mafundi wanaozima faili la akiba ya kumbukumbu, lile liitwalo pagefile.sys, ili kuokoa nafasi. Bila faili hilo, mara nyingi Windows haina mahali pa kuandikia ushahidi wake.

PROGRAMU ZA KUSOMEA

Mafaili haya hayasomeki kwa macho. Programu tatu zinafahamika zaidi. BlueScreenView ya NirSoft ni ndogo na ya bure, nayo huorodhesha kila tukio, namba ya kosa na faili linaloshukiwa. WhoCrashed ya kampuni ya Resplendence hufanya kazi hiyo hiyo lakini huandika maelezo kwa sentensi, hivyo inamfaa zaidi asiye fundi. Toleo lake la bure ni la matumizi ya nyumbani, na kwa biashara kuna toleo la kulipia. Ya tatu ni WinDbg ya Microsoft yenyewe, ya bure, ambayo wataalamu huitumia. Ukiifungulia faili na kuandika amri ya !analyze -v, huchimba kwa kina kuliko zote, ingawa inahitaji intaneti ili kupata majina ya sehemu za ndani za Windows.

Wengi hukosea wanaposoma majibu. Programu hutaja jina la faili, na msomaji anadhani amepewa jina la mwizi. La hasha. Amepewa jina la aliyekutwa karibu na mlango.

Mathalani, jina linalojitokeza mara nyingi ni ntoskrnl.exe. Hilo ni kiini cha Windows yenyewe. Programu inapolitaja, mara nyingi maana yake ni kwamba haikumwona mwingine eneo la tukio. Fundi anayesoma jina hilo na kukuambia Windows imeharibika anakurudisha kwenye zile Sh. 30,000.

Kitu cha kutazama ni mfululizo wa matukio. Kusanya angalau matatu au manne, yaweke pamoja, kisha ulinganishe. Ikiwa kila mara namba ni ile ile na faili ni lile lile la kampuni fulani ya kifaa, mathalani la kadi ya mtandao, printa au kingavirusi, mshukiwa wako ni draiva, yaani ile programu ndogo inayoifanya Windows ielewane na kifaa. Namba 0xD1 mara nyingi huja na sura hii. Tiba yake haina gharama kubwa: pakua draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji, au rudisha ya zamani kama tatizo lilianza baada ya kubadilisha. Wenye kingavirusi mbili kwenye mashine moja waondoe moja leo.

Mfano mkubwa wa aina hii dunia iliuona Julai 19, 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza faili la marekebisho lenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft mashine milioni 8.5 zikaanguka, zikiwamo za mashirika ya ndege, benki na hospitali. Waliofungua mafaili ya kumbukumbu walikuta sura moja kila mahali: kosa la 0x50 na jina la csagent.sys, draiva ya kampuni hiyo hiyo. Baadaye CrowdStrike ilieleza kuwa programu yake ilijaribu kusoma taarifa ya 21 mahali palipokuwa na taarifa 20 tu. Ushahidi ulipofanana hivyo, hakuna aliyekuwa na sababu ya kubadilisha mazabodi.

Ikiwa, kinyume chake, namba zinabadilikabadilika, leo 0x1A, kesho 0x50, keshokutwa 0x0A, na faili linalotajwa nalo halitulii, hapo usihangaike na programu. Kumbukumbu ya mashine, yaani RAM, ndiyo ya kupimwa kwanza. RAM mbovu huharibu chochote kilichokaa juu yake kwa bahati mbaya, ndiyo maana kila siku mhanga anakuwa mwingine.

Hivi ndivyo ilivyokuwa Muleba. Tulikuta mafaili matano yaliyoandikwa tangu Windows ilipopigwa upya: namba nne tofauti, na ntoskrnl.exe akitajwa katika matatu. Tulipakua MemTest86, tukaiweka kwenye flashi na kuiacha ipime usiku kucha. Asubuhi skrini ilijaa mistari myekundu. Katika kipimo hiki hata kosa moja ni kosa. Mashine ilikuwa na vipande viwili vya RAM, hivyo tukapima kimoja kimoja, kisha tukahamisha kile kibovu kwenye tundu jingine ili kuhakikisha si tundu lenye kasoro. Kosa lilimfuata. Kipande kimoja kilipatikana Bukoba kwa Sh. 45,000, na mazabodi ile ile iliyosemekana kufa ingali inafanya kazi.

Hesabu ya fedha inaonekana rahisi: Sh. 45,000 badala ya Sh. 280,000. Lakini gharama nyingine haikuonekana haraka. RAM mbovu haiishii kuzima mashine. Inaweza pia kupitisha tarakimu potofu hadi kwenye diski bila ujumbe wowote. Ilibidi mwenye duka alinganishe kila salio la mteja na nakala za risiti. Kuanzia lini? Windows ina kumbukumbu ya siku kwa siku ya matatizo yake, inayofunguliwa kwa kuandika perfmon /rel, lakini ile ya mashine hii ilifutwa pamoja na Windows ya zamani. Hakuna aliyejua tatizo lilianza tarehe gani, na ukaguzi ukalazimika kuanzia siku ya kwanza ya msimu. Aliajiri vijana wawili kwa siku sita.

MASHINE ISIYOANDIKA KITU

Kuna hali ya tatu ambayo kwa mkoa wetu ni ya kawaida sana. Mashine inazimika, folda ni tupu ingawa mipangilio iko sawa, na skrini ya bluu haikuonekana. Andika eventvwr, fungua kumbukumbu za mfumo na utafute tukio namba 41 la Kernel-Power. Ndani ya maelezo yake kuna namba ya kosa. Ikiwa ni sifuri, Windows inakuambia kwamba ilikatishwa bila kupata nafasi ya kuandika. Hapo shuku umeme, pawa saplai, joto la kupita kiasi, au mashine iliyoganda hadi mtu akashikilia kitufe cha kuzimia.

Kwa miaka mingi Bukoba ilitegemea umeme unaotoka Uganda kupitia Kyaka, na kila mwenye duka anajua habari ya umeme kucheza. Ongeza radi za ukanda huu wa ziwa na mvua za masika. Linganisha saa za tukio namba 41 na saa ambazo taa za duka zilififia au friji ya jirani ilizimika. Zikilingana, fedha zako zielekee kwenye UPS yenye betri nzima, na wala si kwa fundi wa programu. Zisipolingana, fungua kasha na utazame vumbi kwenye feni. Maduka yaliyo kando ya barabara za vumbi yafanye hivyo mara kwa mara. Kosa namba 0x124 nalo liko jirani na kundi hili, kwani huripotiwa na vifaa vyenyewe, na joto ni miongoni mwa vyanzo vyake.

Namba moja haihitaji kusubiri mfululizo. Ukiona 0x7A, Windows ilishindwa kusoma data iliyotarajia kuipata kwenye diski. Inaweza kuwa waya umelegea, inaweza kuwa RAM, lakini diski inayokufa ni mshukiwa mkubwa. Acha uchambuzi, nakili data yote kwanza, kisha upime diski kwa CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Anayeendelea kuwasha na kuzima diski ya namna hiyo kwa matumaini anacheza na vitabu vyake vya hesabu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na ofisa wa kodi hatalipokea jibu la kwamba diski ilikufa.

Tahadhari mbili. Faili la kumbukumbu, hasa lile kubwa, linaweza kubeba vipande vya yale yaliyokuwa wazi wakati wa tukio, yakiwamo majina ya wateja na nywila. Usimtumie mtu usiyemfahamu. Pili, wengi bado wana Windows 10, ambayo Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Mashine hizo zinaendelea kufanya kazi, lakini watengenezaji wa vifaa hawana haraka tena ya kuzitolea draiva mpya, hivyo tunza nakala za draiva ulizo nazo.

Kwa wanaotaka kuanza wiki hii: fungua folda ya Minidump hata kama mashine yako haijawahi kuzimika mbele ya macho yako. Mhudumu wa duka huenda amekuwa akiiwasha tena kimya kimya kwa miezi. Ukikuta mafaili, andika kwenye karatasi tarehe, saa, namba ya kosa na jina la faili linalotajwa, na pembeni yake uandike kilichokuwa kikifanyika: kuchapa risiti, kuchomeka flashi, mvua kubwa. Fundi akija mpe karatasi hiyo, na umwulize ni mstari gani unaomfanya aseme mazabodi imekufa.