Mapigo, Hadhira na Ushiriki: Mchezo wa Video wa Muziki na Uchezaji wa Nyatiti

Utangulizi

Katika mijadala ya fasihi na teknolojia hudaiwa kwamba mchezo wa video umeirejeshea hadhira nafasi iliyokuwa nayo katika fasihi simulizi, kwa kuwa mchezaji hutenda badala ya kutazama tu. Makala haya yanalipima dai hilo kwa kulinganisha mchezo wa Theatrhythm Final Fantasy na uchezaji wa nyatiti miongoni mwa Waluo wa Homa Bay na Migori. Msingi wetu ni maelezo ya Mulokozi (1989) kwamba fasihi simulizi ni tukio la kijamii ambamo fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati huingiliana.

Wimbo uliotoka hadithini

Mfululizo wa Final Fantasy ulianza nchini Japani mwaka 1987. Katika michezo yake mikuu, mchezaji huvaa uhusika wa mashujaa na kuwaongoza katika safari na vita vinavyochukua saa nyingi. Mwaka 2012 ulitokea Theatrhythm, mchezo ulioacha sehemu kubwa ya masimulizi hayo na kuchukua muziki wake. Wimbo unapochezwa, alama hupita kwenye skrini, na mchezaji hutakiwa kuitikia kila alama kwa pigo lake. Akipatia, mashujaa husonga mbele au humpiga adui. Akikosea, uhai wao hupungua, na ukiisha wimbo hukatika. Toleo la mwaka 2023, Theatrhythm Final Bar Line, lilitoka na nyimbo 385.

Jambo hili si geni kwa mwanafunzi wa ngano. Wimbo wa ngano hubaki kinywani mwa mtoto hata matukio yanapofifia, na kuuimba ni kuiita ngano nzima. Vivyo hivyo, aliyecheza Final Fantasy husikia katika muziki ule kifo cha mhusika aliyempenda. Kufikia hapa dai tunalolipima lina nguvu.

Nyatiti na pakruok

Nyatiti ni ala ya nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, vidole vikicharaza nyuzi, pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu ikigonga ubavu wa ala, na njuga za mguuni zikilia. Mtu mmoja hubeba sauti, mapigo na maneno.

Hata hivyo, wimbo si wake peke yake. Katika pakruok, mtu kutoka hadhirani husimama, humtunza mwimbaji kwa fedha, na kuukatiza wimbo. Nyuzi hushushwa ili ajisifu, awasifu rafiki zake au ataje ukoo na kwao, kwa sitiari na chuku. Mwingine huweza kumjibu kwa sifa kubwa zaidi, kisha wimbo huendelea. Pakruok inakaribiana na majigambo tunayofunza darasani, ila hutendwa ndani ya wimbo wa mtu mwingine.

Ulinganisho

Katika Theatrhythm, mapigo yamekwisha kupangwa, na ubora wa mchezaji ni utiifu wake. Kuukatiza wimbo ni kushindwa. Katika nyatiti, kuukatiza wimbo ni sehemu ya utendaji: mwimbaji hupata riziki na msifiwa hupata heshima. Ndiyo maana wimbo uliopigwa Rongo jana hautakuwa uleule ukipigwa Mbita kesho.

Huenda ikasemwa kwamba kosa ni la teknolojia inayogandisha sauti. Lakini santuri za benga zinatoa ushahidi tofauti. D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, karibu na mpaka wa Migori, aliyefariki mwaka 2006, alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa benga, muziki uliohamishia kwenye gitaa namna ya kucharaza nyatiti. Katika benga majina ya watu halisi hutajwa na kusifiwa hadi ndani ya santuri. Kwa hiyo swali la msingi ni nani aliye na ruhusa ya kutia neno kabla sauti haijagandishwa.

Hitimisho

Tunapendekeza kutofautisha ushiriki wa kufuata na ushiriki wa kuchangia. Theatrhythm unadai ule wa kwanza kwa ukamilifu, nao si wa kudharauliwa, kwani hata mwanafunzi wa nyatiti huanza kwa kufuata vidole vya mwalimu. Lakini hadhira ya fasihi simulizi ilikuwa na zote mbili. Kijana atakayeunda mchezo wa nyatiti akihamisha nyuzi nane na kuacha pakruok, atakuwa ameihifadhi ala na kuipoteza hadhira yake.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha pakruok na majigambo kwa kuzingatia fanani, hadhira na wakati wa utendaji.
2. Chagua utanzu mmoja wa fasihi simulizi wa jamii yako. Hadhira yake inaruhusiwa kuongeza nini, na ni nini kingepotea utanzu huo ukifanywa mchezo wa video?