SOMO: DAWA YA USINGIZI NA UBONGO WA MTOTO WAKO

Pengine umefika Opala kwa mtumbwi, kwenye mto Lomami, na munganga amesema mtoto lazima apasuliwe. Moyoni unajiuliza: "Akilala hivyo, ataamka? Ataamka na akili yake?" Tujifunze pamoja.

Ubongo ni kama taa

Ubongo wa mtu mzima hauzidi sana kilo 1 na nusu, lakini unatumia sehemu 1 kwa 5 ya hewa nzuri ya mwili wote. Chakula chake ni sukari. Damu ndiyo inaleta vyote viwili, bila kupumzika.

Usiku unapunguza utambi wa taa: moto unakuwa mdogo, mafuta yanatumika kidogo. Dawa nyingi za usingizi zinafanya vile vile ndani ya ubongo. Lakini taa haijazimika, bado inataka mafuta. Damu au hewa ikikosa kufika kwa dakika chache tu, ubongo unaumia, na pengine hauponi. Ndiyo sababu mfanyakazi mmoja habanduki karibu na kichwa cha mtoto: anaangalia pumzi, mapigo ya moyo na rangi ya midomo.

Ketamini, dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1970, ni tofauti. Haipunguzi damu ya ubongo. Mara nyingi inaiongeza. Mtoto anaweza kulala macho wazi, na akiamka aseme maneno ya ovyo. Hajarogwa, mama. Dawa inamtoka. Kaa naye pahali pa kimya.

Kazi yako wewe mama

1. Mbele ya operesheni: chakula, uji na maziwa ya kopo, acha masaa 6, ziwa lako, masaa 4, maji matupu, masaa 2. Chakula kikirudi kooni kinaweza kuingia kwenye mapafu.
2. Usizidishe njaa. Sukari ya mtoto mdogo inashuka upesi. Operesheni ikikawia, uliza.
3. Sema kweli. Ulimpa uji kwa huruma? Dawa ya miti? Anakohoa, ana homa? Hatutakugombeza.
4. Leta kitambaa cha kumfunika. Mwili uliolazwa kwa dawa unapoteza joto.

Maswali

Kwa nini taa iliyopunguzwa bado inataka mafuta? Mtoto wako alikula saa ngapi?

Ukirudi kijijini, fundisha jirani yako.